Mubirizi, ini na karuho

Katika viwanja vingi vya Bukavu, Kabare na Walungu kuko muti mumoja ambao hakuna mutu anayeununua ku soko. Unasimama kando ya choo, ao kando ya kibanda cha mbuzi, ao pale ambapo baba alichomeka kijiti ili kutia mupaka kati yake na jirani, na kijiti kikaota. Ni mubirizi. Wataalamu wa mimea wanauita Vernonia amygdalina. Kila mutoto wa Bushi anaujua kwa ulimi kabla ya kuujua kwa macho: siku tumbo linauma, mama anavunja majani, anayasugua ndani ya maji, maji yanakuwa ya kijani na yenye povu, na mutoto anafungwa pua ili anywe. Uchungu unakaa mu kinywa mpaka jioni. Ng'ambo ya Ruzizi, Wanyarwanda wanasema umubirizi. Wakameruni wanaosha majani ya namna hiyo mara nyingi mpaka uchungu upungue, kisha wanayapika na karanga na kuyaita ndole. Kwetu hapa hatuyali. Kwetu ni dawa.

Tumechagua kuandika juu ya ule muti, na juu ya ini, kwa sababu ya kifo kimoja. Miaka michache iliyopita, katika kartie yetu, mwalimu mumoja wa zamani alianza kukonda. Mikono ilikuwa midogo, lakini tumbo lilikuwa linakua, na kitovu kilitoka inje. Usiku mumoja akatapika damu, beseni nzima. Kesho yake kila mutu alikuwa na jibu tayari: karuho. Kwa musomaji asiyeishi Kivu tuseme kwamba karuho ni sumu ya polepole. Watu wanasema inatiwa kwa siri ndani ya pombe ao ndani ya chakula, na inamukula mutu kwa miezi, hata miaka. Na mahali panaposemwa karuho, lazima apatikane aliyeitia. Mwalimu alikuwa anakunywa kasiksi, na aliyekuwa anamuletea ni mukamwana wake. Haikupita juma moja, yule mwanamuke akafunga vitu vyake, akabeba mutoto mugongoni, akarudi kwa wazazi wake. Mwalimu akapelekwa kwa munganga wa karuho, akapewa dawa ya kutapisha na ya kuharisha. Akafa juma la pili.

Kisha mazishi, ndugu yake mudogo akatuonyesha mufuko wa plastiki. Ndani mulikuwa karatasi ya ekografi, iliyofanywa miezi mine mbele, na kakaratasi ka labo. Vyote kwa Kifaransa: ini dogo na gumu, wengu kubwa, maji ndani ya tumbo, hepatiti B inapatikana. Hakuna mutu aliyewaeleza. Walilipa, wakapewa karatasi, wakaiweka ndani ya mufuko.

Basi tuangalie kwanza wazee wetu walijua nini.

Hawakuwa na neno la sirosi. Walikuwa na macho. Waliona macho ya mugonjwa yakigeuka manjano, mukojo ukiwa kama chai nyeusi, miguu ikivimba jioni, tumbo likijaa maji, na kila alama ilikuwa na majani yake. Njo maana musomaji wa leo anaweza kudanganyika. Akisikia munganga anasema « ninaponya ini », anafikiri kwamba munganga anasema juu ya ugonjwa ule ule anaousema dokta. Mara nyingi sivyo. Munganga anaponya manjano. Na manjano ya hepatiti A, ambayo watoto wanaipata kwa maji machafu, inaisha yenyewe kisha majuma machache kwa watu karibu wote. Jani lolote litakalotolewa juma la pili litapata sifa juma la tano. Hatusemi hivi ili kuwacheka wazee. Hata madokta wa Ulaya, kwa karne nyingi, walijipatia sifa kwa njia hiyo hiyo.

Lakini kovu lenyewe, ugumu wa ini, wazee walilijua vizuri kwa njia ya ngombe. Ngombe anayekula majani ya mabonde yenye maji anapata minyoo ya ini, ile inayofanana na jani dogo. Ukienda pale wanapochinja, mwenye kisu atakuambia: ini lingine unalikata linakatika kama siagi, lingine kisu kinalia kama kinapita katika muchanga, na ndani unaona mifereji meupe, migumu, iliyoziba. Ini kama lile halipewi mugeni. Linapewa imbwa, ao linatupwa. Kumbe muchinjaji wetu alikuwa anaona kwa macho yake jambo ambalo wanasayansi walichukua miaka mingi ili kulieleza kwa mwanadamu.

Jina sirosi lilitolewa katika mwaka wa 1819 na Mufaransa Laennec, yule yule aliyetengeneza chombo cha kusikiliza kifua. Alilitoa katika neno la Kigiriki linaloonyesha rangi ya manjano-kahawia, kwa sababu ini la wafu aliowapasua lilikuwa na rangi ile. Mwaka wa 1851, kule Cairo, Mudachi Theodor Bilharz aliona ndani ya damu ya maiti munyoo ambao leo unabeba jina lake. Katika mwaka wa 1904 Symmers, aliyekuwa akifanya kazi huko Misri, alieleza namna ini la wagonjwa wa bilharzia linavyokuwa: kovu linazunguka mishipa, na ukikata, mishipa inaonekana kama vijiti vyeupe vya kiko cha udongo. Muchinjaji wa kwetu angemuelewa mara moja.

Kovu linatoka wapi? Ndani ya ini kuko chembe ndogo zenye umbo la nyota. Kupffer alizieleza mwaka wa 1876, lakini kazi yake hakuielewa. Mujapani Wake alionyesha mwaka wa 1971 kwamba chembe zile zinaweka akiba ya vitamini A. Wakati ini liko na amani, zinakaa kimya na akiba yao. Lakini ini likichokozwa kila siku, na virusi, ao pombe kali, ao mayai ya bilharzia, ao mafuta mengi, zinaacha akiba na kugeuka mafundi wa kovu: zinatengeneza nyuzi ngumu zinazoitwa kolajeni. Kwa kidonda kidogo ni jambo zuri, ni vile ngozi inavyojifunga. Shida ni kwamba uchokozi hauishi, na mafundi hawapumziki. Ini linajaa kamba. Damu inayotoka matumboni haipate njia, inarudi nyuma, wengu linavimba, maji yanajaa tumbo, na mishipa ya koo inafura mpaka siku moja inapasuka. Hapo mutu anatapika damu, beseni nzima. Na watu wanasema karuho.

Tuseme wazi: hatusemi kwamba katika Kivu hakuna mutu anayemutilia mwenzake sumu. Tunasema kwamba tumbo la maji, kukonda, na kutapika damu ni picha kamili ya ini lenye makovu, na hii picha haihitaji adui.

Sasa, historia ya majani. Hapa Kivu hatuwezi kukubali mutu aje kutuambia kwamba ganda la muti haliwezi kuwa dawa. Mwaka wa 1820, kule Paris, Pelletier na Caventou walitoa kinini ndani ya ganda la muti wa kinkina, muti wa Amerika ya Kusini. Wakati wa ukoloni, milima yetu ilipandwa kinkina, na Bukavu ilipata kiwanda cha kutoa kinini. Baba zetu wengi walilipa masomo ya watoto kwa ganda lile. Kwa hiyo tunajua tofauti kati ya ganda na kidonge: ndani ya kidonge kipimo kinajulikana. Ndani ya ganda, kipimo kinategemea udongo, umri wa muti, na mukono wa yule anayechemusha.

Katika mwaka wa 1947 Wabelgiji walianzisha IRSAC, na Lwiro ikawa makao yake, ndani ya majengo yale makubwa ambayo mugeni anafikiri ni nyumba ya watawa. Leo ni CRSN. Pale kunawekwa mimea iliyokaushwa, na watafiti wake wametembea mu vijiji wakiuliza waganga majina ya miti kwa Mashi, Kitembo na lugha zingine, na kazi yake. Kazi hii ni ya uvumilivu, na haina pesa, na tungeomba vijana wa chama chetu waijue zaidi kuliko wanavyojua majina ya wachezaji wa mupira. Mukutano wa Alma-Ata wa mwaka wa 1978 ulikubali kwamba waganga wa kienyeji wanaweza kuwa na nafasi katika afya ya musingi. Mwaka wa 2001, huko Lusaka, wakubwa wa Afrika walitangaza miaka kumi ya dawa za asili, na tangu 2003 tarehe 31 Agosti ni siku yake. Hotuba zilikuwa nyingi.

Lakini jambo lililotushangaza zaidi halikutoka katika hotuba, wala kwa Wabelgiji. Lilitoka ng'ambo ya Tanganyika, katika milima ya Mahale, upande wa Tanzania, inayotazamana na Kongo yetu. Mwezi wa 11 mwaka wa 1987, Mumarekani Michael Huffman alikuwa anafuata sokwe pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mutongwe, mutu wa pori na mujuzi wa dawa za kwao. Sokwe muke, aliyepewa jina Chausiku, alikuwa mugonjwa: hakula vizuri, alilala mchana, mukojo wake ulikuwa mweusi. Akaenda ku kijiti cha mubirizi. Watongwe wanauita mujonso. Hakula majani. Alivunja tawi changa, akatoa ganda, akatupa majani, akatafuna moyo wa ndani, akanyonya maji yake machungu na kutema nyuzi, kama sisi tunavyofanya na muwa. Kesho yake alikuwa na nguvu tena. Kalunde akamueleza Huffman kwamba kwao pia ule muti ni dawa ya tumbo na ya minyoo. Waliandika habari hiyo mwaka wa 1989.

Kisha wanakemia wa Japani, pamoja na Huffman, wakachukua mubirizi ndani ya labo. Walipata vitu vya namna mbili vinavyotuhusu. Ndani ya moyo wa tawi walipata vile walivyoviita vernoniosidi. Ndani ya majani na ganda walipata kwa wingi kitu kingine, vernodalini. Katika chupa, vitu hivi vilipunguza mwendo wa minyoo ya bilharzia na kuizuia kutaga mayai. Na mayai ndiyo yanayoleta kovu la ini, si munyoo mwenyewe. Musomaji anaona tunakoelekea: kumbe majani ya mama yanaweza kugusa mzizi wa ugonjwa! Ngoja kwanza. Walipowapa panya wagonjwa vernodalini, ilionekana kuwa sumu kali kwa panya wenyewe. Na Chausiku alikuwa ametupa majani na ganda. Sokwe alijua sehemu ya muti. Sisi mara nyingi tunauliza jina la muti tu.

Jambo hili la sehemu na kipimo ndilo tunataka musomaji alibebe, kwa sababu linarudi katika kila dawa ya ini tutakayoitaja.

Karibu kila mara unaposoma kwamba « jani fulani linalinda ini », habari inatoka kwa panya. Namna ni hii: panya anadungwa sumu moja inayoitwa kaboni tetrakloridi mara kwa mara, kwa majuma kadhaa, mpaka ini linapata kovu. Panya wengine wanapewa sumu pamoja na maji ya muti. Mwishoni, ini lao linalinganishwa. Miti mingi inashinda katika mashindano haya. Kolavironi, inayotoka katika mbegu ya Garcinia kola, ile ambayo Kinshasa wanaiita ngadiadia, imelinda ini la panya. Kurkumini ya manjano ya mupishi imefanya vile vile. Mwaka wa 2006 watafiti wa Nigeria walionyesha kwamba maji ya majani ya mubirizi yanapunguza ubaya wa parasetamoli nyingi kwa panya. Vitu hivi vinatuliza moto, vinakamata takataka zinazochoma chembe, vingine vinanyamazisha zile chembe za nyota. Lakini panya alipewa muti siku ile ile alipopewa sumu, ao hata mbele yake. Na muti mwingine unazuia tu sumu isigeuke kuwa kali ndani ya ini. Hii ni kulinda. Mwalimu wa kartie yetu hakuhitaji kulindwa na sumu ya labo. Alikuwa na kovu la miaka ishirini.

Kwa watu je? Kuna muti mumoja wa Ulaya wenye miiba na maua ya zambarau, Silybum marianum. Watawa na wakulima waliutumia kwa ini zamani sana. Mwaka wa 1968, huko München, kundi la Wagner lilitoa ndani ya mbegu zake kitu kinachoitwa silimarini, na leo kinauzwa hata katika mafarmasi ya kwetu, kwa bei inayouma. Mwaka wa 1989 madokta wa Austria waliandika juu ya wagonjwa 170 wa sirosi: kisha miaka 4, 58 kati ya 100 waliopata silimarini walikuwa hai, na 39 kati ya 100 kwa wale waliopata kidonge kitupu. Furaha ilikuwa kubwa. Mwaka wa 1998 Wahispania wakarudilia kwa watu 200 wenye sirosi ya pombe, na hakuna tofauti waliyoiona. Mwaka wa 2012, Marekani, wagonjwa 154 wa hepatiti C walipewa silimarini kwa kipimo kikubwa: hakuna tofauti na kidonge kitupu. Mwaka wa 2017, huko Malaysia, kwa watu 99 wenye ini la mafuta, lengo la kwanza halikufikiwa, lakini kovu lilipungua kwa 22 kati ya 100, na kwa 6 tu kati ya 100 upande mwingine. Hilo ni tumaini dogo, na linaomba kurudiliwa kwa watu wengi zaidi. Hakuna anayeweza kusema zaidi ya hapo kwa haki.

Habari ya kajani kanakoota hapa kwetu kando ya njia inafundisha zaidi. Ni Phyllanthus amarus, ule mumea mufupi wenye vitunda vidogo vilivyopangwa chini ya majani kama shanga. Wahindi wanautumia kwa manjano tangu zamani. Mwaka wa 1988, katika gazeti la Lancet, Thyagarajan na wenzake wa Madras waliandika kwamba watu 37 wenye hepatiti B waliupewa, na kwa 22 kati yao alama ya virusi ilipotea ndani ya damu. Kwa 23 waliopata kidonge kitupu, ni 1 tu. Dunia nzima ilisimama. Hata Blumberg, aliyepata zawadi ya Nobel mwaka wa 1976 kwa sababu ya kugundua alama ya hepatiti B, alikuwa anauchunguza. Kisha wengine wakarudilia, katika Thailand na kwingine, na ajabu ile haikurudi. Pengine mumea uliokusanywa haukuwa sawa, pengine kipimo, pengine kundi la kwanza lilikuwa na bahati. Tunaandika hii kwa heshima: Wahindi hawakudanganya, walipima na wakaonyesha hesabu zao, na njo maana wengine waliweza kuwasahihisha. Waganga wetu wangapi wameandika hesabu yao?

Na kuna miti inayoharibu. Mwaka wa 1992 Ufaransa ilikataza mumea unaoitwa germandrée, uliouzwa kwa watu wanaotaka kukonda, kwa sababu uliwaletea hepatiti. Mwaka wa 2019 Italia ilionya juu ya vidonge vya kurkuma, kisha watu kadhaa kuugua ini. Kurkuma ile ile inayolinda panya! Ndani ya chakula ni kidogo, na mwili unaichukua kwa shida; ndani ya vidonge vilivyotengenezwa ili ipite kwa nguvu, inakuwa kitu kingine. Basi, mutu ambaye ini lake limebaki na sehemu ndogo tu ya nguvu yake, ukimupa dawa ya kutapisha siku tatu, unafanya nini? Mishipa ya koo imefura, na wewe unamutapisha. Tuongeze kiwembe: chanjo za kienyeji, zile za kukata ngozi na kupaka majivu ya dawa, zikifanywa na kiwembe kimoja kwa watu wengi, zinapitisha hepatiti B kutoka damu hadi damu. Inauma kuandika, lakini munganga anaweza kumupa mugonjwa wa tumbo ugonjwa wa ini katika kumuponya.

Je, kovu linaweza kuondoka? Kwa miaka mingi vitabu vya madokta vilisema hapana. Vilikosea. Mwaka wa 2013 Marcellin na wenzake walitoa habari ya wagonjwa wa hepatiti B waliokunywa tenofoviri miaka 5, wakapimwa kipande cha ini mbele na nyuma. Kati ya 96 waliokuwa na sirosi, 71 hawakuwa nayo tena. Tenofoviri haigusi kovu. Inanyamazisha virusi, uchokozi unaisha, chembe za nyota zinarudi kimya, na ini linakula kamba zake lenyewe, polepole. Kwa bilharzia ni vile vile: katika miaka ya 1980, Polderman na Gryseels walifanya kazi katika Maniema, ambako bilharzia ilikuwa nyingi, na prazikwanteli ilitolewa kwa wagonjwa. Munyoo ukifa, mayai hayaongezeki, na kovu, zaidi kwa vijana, linaweza kurudi nyuma. Kwa pombe, ni kuiacha. Dawa ya kwanza iliyokubaliwa kwa kovu la ini la mafuta, resmetiromi, ilikuja Marekani mwaka wa 2024 tu, na haikutoka kwa muti. Dawa ya muti iliyothibitishwa kwamba inaondoa kovu kwa watu, mpaka leo haiko. Inaweza kupatikana, na inaweza kuwa inasimama kando ya choo chetu. Lakini mugonjwa wa leo hawezi kuingoja bila kupimwa damu.

Kwa hiyo chama chetu kimeanza daftari. Ni daftari ya shule tu, yenye mistari ya juu kwenda chini: jina la muti, sehemu inayotumiwa, mbichi ao iliyokauka, kipimo, siku ngapi, na mugonjwa aliyekatazwa. Waganga wengine walikataa, wakisema siri ya baba haiuzwi. Mumoja aliomba kwanza kasiksi. Wawili walikubali kutuonyesha kipimo chao cha mubirizi, « mukono mumoja » kila mutu, na tukaweka majani yao juu ya mizani ya muuza nyama. Mukono wa mumoja ulikuwa mara mbili ya mukono wa mwenzake. Walicheka wenyewe. Yule muzee zaidi akasema: « Sasa muandike yangu, yeye bado kijana. » Tuliandika zote mbili.

Juu ya mukamwana wa mwalimu, ndugu mudogo wa marehemu alituomba tumusindikize kwa wazazi wa yule mwanamuke. Tulienda siku ya Yenga, watu watatu, na mufuko wa plastiki. Baba yake alitupokea bila furaha, kama ilivyokuwa haki yake. Hakutoa kiti haraka. Tulimupa karatasi. Alikuwa karani zamani, anajua Kifaransa. Akavaa miwani, akasoma ekografi polepole, kisha kakaratasi ka labo, mara mbili. Ndugu wa marehemu akaomba radhi kwa jina la jamaa. Muzee hakujibu hilo. Aliuliza kwanza namna virusi ile inavyopita, na sisi tukaeleza tulivyojua: kwa damu, kwa mama na mutoto anapozaliwa, kwa bwana na bibi, mara nyingine ndani ya nyumba moja, kwa kiwembe na kidonda, na kwamba kuko chanjo kwa yule ambaye hajaipata. Akatoa miwani. « Na binti yangu, na huyu mutoto », akasema, « kuna mutu aliyewapima? »

Hakuna aliyewapima. Juma lile lile walienda ku labo.